Mimina Chokoleti, Tule

"Umemlisha nini mdogo wangu?"

Hakuna salamu, hakuna habari za asubuhi. Kidoti alikuwa ameinamia cherehani, simu ameibana kati ya sikio na bega, mguu bado uko kwenye pedali. Akauondoa.

"Shikamoo, wifi. Kwani kumetokea nini?"

"Shikamoo yako kaa nayo. Nimekuuliza, umemlisha nini? Niko hospitali. Amelazwa, ametundikiwa dripu, amejikunja hapa kitandani hata kuongea ni shida."

"Mungu wangu! Jana alikula keki nyumbani, ileile yake ya chokoleti na machungwa. Haina ngano hata chembe, wifi. Nimeipika kwa mikono yangu."

"Haina ngano! Mara ya kwanza haina ngano, akatapika mpaka akabaki ganda. Mara ya pili haina ngano, akaanguka bafuni. Haya, kama haina ngano, ina nini?"

Simu ikakatwa.

Kidoti alikuwa mshonaji wa nguo za kike, na jina hilo alilipata kwa doa jeusi la kidevuni ambalo wateja wake walisema ndilo linalomuuza. Mchumba wake alikuwa fundi umeme, kwa hiyo kila mtu alimwita Fundi. Wazazi wa Fundi walikufa yeye akiwa mtoto wa mgongoni. Aliyemlea ni huyu aliyekata simu, Dada Mkubwa, mwanamke aliyeacha masomo ili mdogo wake asome, na ambaye hajawahi kumsamehe mtu yeyote aliyemgusa mdogo huyo hata kwa bahati mbaya.

Kabla Fundi hajakutana na Kidoti, daktari alimwambia kwamba utumbo wake haupatani na ngano. Ikimwingia hata vumbi lake, utumbo unachubuka ndani kwa ndani. Mkate, biskuti, keki za sherehe za watu, vyote akavipa mkono wa kwaheri. Kidoti aliposikia hivyo hakulala kwa huruma, akajifunza keki ya chokoleti na machungwa inayotumia lozi zilizosagwa badala ya ngano, maana mapenzi nayo yana kichaa chake. Alipomwekea Fundi kipande cha kwanza mezani, jitu zima lile lilitokwa na machozi. Posa ilifuata muda si mrefu. Na magonjwa nayo yakafuata.

Hospitalini Kidoti alimkuta Fundi amepungua mashavu, midomo imemkauka.

"Fundi, niambie ukweli. Jana kabla ya kuja kwetu ulikula nini?"

"Ndizi."

"Ndizi ina ngano?"

"Labda aliyeniuzia alikuwa anakula mkate." Akajaribu kucheka, akashika tumbo.

"Usinitanie. Dada yako anasema nakuwekea sumu."

"Dada ana hasira tu. Mimi sijasema hivyo na sitasema." Akamshika vidole. "Mama hajambo?"

"Mama yupi?"

"Mama yako. Usimwambie nimelazwa. Atajisikia vibaya."

Kidoti akamtazama. Mtu amelala na sindano mkononi, anawaza mama mkwe atajisikiaje. Akadhani ni homa inayoongea.

Dada Mkubwa alikuwa anamsubiri kwenye korido, mkoba kifuani.

"Daktari kasema utumbo wake umeharibika vibaya. Akipata tena hali hii, hajui kama utapona. Umesikia?"

"Nimesikia, wifi."

"Mimi nimemlea mtoto huyu kwa uji na maombi. Sijamlea aje afie kwenye sahani ya mwanamke. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea."

"Wifi, naapa kwa..."

"Usiape. Akishatoka na kupata nguvu, nitakuja kwenu. Utaipika hiyo keki mbele ya macho yangu, toka mwanzo hadi mwisho, mkono wako tu, asiguse mtu mwingine. Nitaona kila kinachoingia. Kisha mimi na yeye tutakula. Akidhurika, posa inarudi na mimi nakwenda polisi."

"Na asipodhurika?"

Dada Mkubwa akaurekebisha mkoba wake.

"Nitakuomba radhi mbele ya mama yako."

Mama yake Kidoti, sasa. Mtaani walimwita Mama Tanuri. Uani kwake kulikuwa na banda la matofali lenye tanuri kubwa, na kutoka humo alitoa mikate iliyolea nusu ya mtaa ule. Mumewe alikufa zamani, mtoto alikuwa mmoja tu, na unga ulikuwa umemganda kwenye mistari ya viganja kiasi kwamba hata akioga mara ngapi, ulibaki. Kidoti alipomweleza masharti ya wifi yake, Mama Tanuri alikuwa anakanda. Hakuinua uso.

"Kwa hiyo akiumwa tena, ndoa hakuna?"

"Hakuna, Mama."

"Utabaki hapa nyumbani."

"Mama! Hilo ndilo unaloliona? Mtu anaweza kufa!"

"Nauliza tu, mwanangu. Mtu haulizi?" Akalipiga donge la unga juu ya meza. "Mimi toka nizaliwe sijaona mtu aliyeuawa na mkate. Njaa ndiyo inaua. Vijana wa siku hizi mnalelewa na daktari."

"Ndiyo maana nimenunua kila kitu kipya. Chekeche, mwiko, bakuli. Unga wako usivuke mlango wa jikoni, tafadhali Mama."

"Hauvuki. Wewe pika. Nitakuandalia bati kama kawaida."

Kama kawaida. Tangu Kidoti akiwa mdogo, katika nyumba ile bati la kuokea lilikuwa la mama. Binti angepima, angechanganya, angepiga mayai mpaka mkono ufe ganzi, lakini kupaka bati mafuta na kulinyunyiza unga ili keki isishike, na mwisho kuipindua keki na kuipamba, ilikuwa kazi ya Mama Tanuri. Hakuna aliyewahi kuihoji, kama ambavyo hakuna anayeuliza kwa nini baba anakaa kiti kile.

"Unyunyize kakao, Mama. Si unga."

"Kakao. Nimesikia, siyo kiziwi."

Siku ilipofika mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Dada Mkubwa aliingia na mwavuli unaochuruzika, akakataa chai, akavuta kigoda hadi katikati ya jiko na kukaa hapo kama karani wa mahakama. Mama Tanuri alimkaribisha kwa maneno matamu, kisha akajiegemeza mlangoni, kitambaa begani.

"Mimi siguswi wala sigusi," akasema kwa kicheko. "Natazama tu kama wewe, mama."

"Itakuwa vizuri," alijibu Dada Mkubwa bila kumtazama.

Machungwa yalikuwa yanachemka mazima na maganda yake, jiko zima linanukia. Kidoti akayaepua yalipolainika, akayapasua, akatoa mbegu moja moja.

"Unayapika na maganda?"

"Ndiyo, wifi. Yakisagwa hivi yanaipa keki unyevu. Haina ngano ya kuishika, kwa hiyo lazima kuwe na kitu."

"Na hizo?"

"Lozi. Nimezisaga mwenyewe. Onja."

Dada Mkubwa akaonja. Akaonja kakao, akaonja sukari, akainusa beking pauda mpaka akapiga chafya. Kidoti alitaka kucheka, akajizuia. Akapiga mayai na sukari mpaka yakafura, akachanganya machungwa yaliyosagwa, lozi, kakao. Uji wa keki ukawa mzito, mweusi, unang'aa.

"Bati liko wapi?"

"Hili hapa," akasema Kidoti, akalivuta kutoka kwenye rafu. Lilikuwa limepakwa tayari, ndani rangi ya kakao kila upande.

Dada Mkubwa alilitupia jicho. Aliona kahawia, akaona sawa. Naye Kidoti aliona kahawia, akaona sawa. Mlangoni, Mama Tanuri alikuwa anajifuta mikono mikavu.

Keki ikaingia kwenye oveni. Mvua ikazidi. Wanawake watatu wakakaa, kila mmoja anasikiliza kitu chake. Simu ya Kidoti ikalia ujumbe. Ulikuwa wa Fundi.

"Niko njiani. Usiogope. Hata iweje, nitasema nimepona."

Akausoma mara mbili. Hata iweje?

Akamjibu: "Unamaanisha nini?"

Fundi hakujibu. Badala yake alibisha hodi, akaingia akiwa ameloa, suruali inamning'inia kiunoni kwa kukonda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu! Umelowa, jamani. Ingia, ingia. Pole na maradhi." Mama Tanuri akamvua koti kwa mikono yake. "Leo utakula ushibe."

"Asante, Mama."

Dada Mkubwa alimwonyesha kiti. "Kaa hapa karibu yangu."

Keki ilitoka imepanda, imepasuka kidogo katikati, harufu ya chokoleti na machungwa imejaa hadi sebuleni. Kidoti akaiacha ipoe kidogo, akayeyusha chokoleti kwenye bakuli. Mama Tanuri akajitoa mlangoni.

"Lete niipindue, mwanangu. Hiyo kazi yangu."

"Mkono wake tu," Dada Mkubwa alisema.

"Ataivunja. Hajawahi."

"Basi na ivunjike."

Kidoti akafunika bati kwa sahani, akapindua. Keki ikashuka nzima. Kilichokuwa chini kikawa juu.

Akaona.

Juu, karibu na ukingo, pale kakao ilipobanduka na kubaki kwenye bati, palikuwa na mabaka meupe. Chini ya kakao kulikuwa na tabaka jingine, jembamba, limeiva na kuwa rangi ya maziwa. Binti wa mwoka mikate haambiwi ule ni unga gani. Aliufahamu kabla hajafahamu kusoma.

Bakuli la chokoleti lilikuwa mkononi mwake. Akimimina sasa hivi, yale mabaka yatafunikwa na hakuna atakayejua. Akisema, anampeleka mama yake mzazi mikononi mwa Dada Mkubwa, na polisi juu.

"Mbona umesimama?" Dada Mkubwa aliuliza. Kutoka kwenye kigoda chake aliona ubavu wa keki tu.

Fundi ndiye aliyeinuka. Akaja kando ya Kidoti, akaitazama keki. Kidoti alimwona anavyoyapitia yale mabaka kwa macho, moja baada ya jingine. Kisha Fundi akamtazama Mama Tanuri, si kwa hasira, bali kwa upole wa kutisha. Halafu akasema kwa sauti ya chini:

"Mimina chokoleti, tule."

"Umesema?"

"Mimina, Kidoti. Njaa inaniuma."

Kidoti akamgeukia.

"Ulijua," akasema. "Fundi, wewe ulijua!"

"Mimina, nakuomba."

"Tangu lini?"

"Kidoti, usimwage mchele..."

"Acha kuku wale! Tangu lini?"

Dada Mkubwa alikuwa ameshasimama. "Ulijua nini? Mnaongea nini nyie?"

Kidoti akaliweka bakuli chini.

"Mama. Bati umelipaka nini?"

"Mafuta na kakao. Si ulinituma?"

"Na chini ya kakao?"

Mama Tanuri akakunja kitambaa, akakikunjua.

"Chembe tu ile. Ya kuzuia isishike. Hata sisimizi hashibi."

"Mama!"

"Mara ya kwanza nilisahau!" Sauti yake ikapanda ghafla. "Mkono uliruka wenyewe, miaka yote unafanya hivyo. Nikasikia kaumwa, nikasema haiwezekani, vumbi kama lile? Mara ya pili nikaweka kusudi, nijue kama anaumwa kweli au anaikinai mikono yangu. Mtu hagusi mkate wangu! Nyumba nzima imejengwa na mkate huo, umevaa kwa mkate huo, anakuja mwanaume anasema ni sumu!"

"Ukaona anaumwa kweli," Kidoti alisema. "Na mara ya tatu?"

Mama Tanuri akatazama sakafu.

"Na leo, Mama? Leo ulikuwa unajua nitampoteza."

"Nilikuwa najua utabaki."

Alilisema taratibu kabisa, kama mtu anayetaja bei. Kisha uso ukamvunjika. "Ukienda mimi nabaki na nani? Na tanuri? Nitaongea na tanuri?"

Dada Mkubwa alivuka jiko kwa hatua mbili. Kidoti alijua anakwenda kumpiga mama yake, na hata yeye hakujua kama angemzuia. Aliyezuia ni Fundi. Alijiweka katikati, mwembamba kama ufagio.

"Dada, basi."

"Basi nini? Amekuua mara tatu huyu!"

"Najua. Ile ya mwisho nilimwona kupitia dirisha. Nilifika mapema, nikamwona anachota unga wa ngano, ananyunyizia bati la keki. Nikaingia, nikakaa, nikala."

"Ukala?" Kidoti hakuamini masikio yake. "Ukala huku unajua?"

"Nilidhani kidogo hakitaniangusha. Nilidhani akiniona nakula bila kusema, ataona haya, ataacha." Akafuta uso kwa mkono. "Na aliniita mwanangu, Kidoti. Ananipakulia, ananiambia kula mwanangu. Mimi mama simkumbuki hata sura. Ningemwambiaje hapana?"



Kidoti alilia kwa hasira. Alimpenda mwanaume yule mpaka mifupa ikamuuma, na wakati huohuo alitaka kumpiga na mwiko.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, Fundi. Ulitaka kufa kwa adabu? Ulitaka nikuzike halafu niishi na mama yangu bila kujua? Hiyo ndiyo zawadi yako kwangu?"

"Sikutaka uchague."

"Umenichagulia wewe! Mama kanichagulia upande wake, wewe ukanichagulia upande wako, na mimi napiga mayai kama mjinga!"

Akaichukua keki na sahani yake, akatoka nayo mvuani, akaitupa kwenye pipa la taka uani. Aliporudi alikuwa na maneno mawili tu, na wa kwanza kuambiwa alikuwa mama yake.

"Nahama leo. Usinifuate."

Kisha akamgeukia Fundi. "Na wewe, siolewi nawe hivi ulivyo. Siku utakapoweza kumwambia mama yangu hapana, machoni pake, ndipo nitajua nina mume na siyo marehemu mtarajiwa."

Dada Mkubwa, aliyekuja kumfunga mtu, alijikuta anamshika Kidoti bega.

"Nisamehe, wifi yangu," alisema. "Nilikushika shingo wewe usiyestahili."

Kidoti alihamia chumba cha nyuma ya duka lake la ushonaji. Fundi alikuja kila jioni, wakagombana, wakapatana, wakagombana tena. Akanenepa kidogo, siku ya harusi ikapangwa, ingawa ile hapana ilikuwa bado haijasemwa. Dada Mkubwa hakwenda polisi, kwa sababu Kidoti alimpigia magoti. Ujumbe wa Mama Tanuri uliingia kila siku na haukujibiwa.

"Umekula?"

"Mvua imevuja chumbani kwako, nimepanga beseni."

"Mwanangu, nilikuwa naogopa. Sina neno jingine."

Huo wa mwisho Kidoti alikaa nao siku nzima, anashona anaurudia. Usiku wa mwanamke mjane aliuona tangu utotoni, hakuhitaji kuelezwa. Lakini kila alipotaka kumhurumia, aliona yale mabaka meupe. Mwishowe akaandika: "Harusi ni Jumamosi, ukumbi wa nyuma ya posta. Njoo mikono mitupu."

Hakuja mikono mitupu.

Wageni walikuwa wameshakaa, maharusi wako mezani mbele, Dada Mkubwa amejipamba mpaka hajulikani. Mama Tanuri akaingia amevaa gauni jipya, mkononi sahani iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Akapita katikati ya viti polepole. Dada Mkubwa akataka kuinuka, Kidoti akamshika mkono. Mama Tanuri akaiweka sahani mbele ya Fundi na kuifunua. Ilikuwa keki ndogo ya chokoleti, imepambwa kwa vipande vya machungwa, nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza.

"Lozi tupu," akasema. "Nimesugua jiko zima. Bati jipya. Kula, mwanangu."

Waliokuwa karibu wakaacha kutafuna. Kidoti alimwona Fundi anavyomeza mate, anavyolitazama lile neno mwanangu likiwa limekaa hapo kwenye sahani. Mkono wake ukasogea. Kidoti hakumzuia. Alikuwa ameshavaa shela, na alijua kabisa kwamba mkono ule ukifika, atalivua hapohapo mbele ya watu wote.

Mkono ukasimama.

"Hapana, Mama."

"Sijaweka. Naapa sijaweka."

"Nakuamini, Mama." Akaurudisha mkono. "Lakini sitakula. Si leo. Si mpaka Kidoti aseme."

Mama Tanuri akamtazama Kidoti. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele yao, akamega keki ile kwa mkono na kuanza kuila mwenyewe, tonge baada ya tonge, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Kama ilikuwa safi au haikuwa, hakuna aliyeuliza, na yeye hakusema tena.

Kidoti alingoja mpaka sahani ikabaki tupu. Ndipo alipoinuka, akamfuta mama yake mdomo kwa ncha ya shela, akarudi kukaa kando ya mume wake.